Spika ya Dirishani

Wajukuu wangu waliniletea spika juzi niikague. Ilikuwa na taa za kijani, nyekundu na buluu, zinazunguka bila kupumzika. Nikawauliza inaimba vipi. Wakanijibu, "Kukhu," yaani bibi, "angalia kwanza inavyowaka." Nikaangalia. Iliwaka vizuri sana. Ilipoanza kuimba, nikaomba chai.

Ndiyo sababu ninaandika haya, kwa ajili yao na kwa ajili yenu mnaosomea umeme pale chuoni Sigalagala. Nyinyi mnajua kupima kila kitu kwa mita, ila hamjawahi kumuuzia mtu spika huku mkewe amesimama kando na mkoba kifuani. Mimi niliuza spika Kakamega mjini miaka ile miwa ilipokuwa na nguvu. Magoti yameniacha mkono, lakini masikio bado ninayo, namshukuru Mungu. Hata leo kanisani kuna wanaoniita Selina wa Spika, na mimi huitika.

Sikuanzia kwenye spika. Nilianza kwa kuuza nguo na vitambaa katika duka lililopakana na la Fundi Rajabu. Rajabu alikuwa mtu wa Mumias, Mwislamu wa swala tano, mfupi, msafi, mwenye kofia nyeupe isiyoshika vumbi hata kiangazi. Mteja akimsalimu kwa Kiluhya "Mulembe", alijibu "Mulembe", kisha akaongeza "Salaam aleikum" ili pande zote mbili ziridhike. Siku moja alikuja kwetu kununua kitambaa. Nikamtandikia kizito na kizuri, chenye nyuzi zinazong'aa. Akakiinua, akakiweka mdomoni, akapuliza.

"Hiki hakipitishi," akasema. "Nipe kingine."

Nilidhani ana matatizo. Akanieleza kwamba ni cha kuweka mbele ya spika, na kwamba pumzi isipopita, sauti nayo itapita kwa taabu. Tukapuliza vitambaa vya duka zima, yeye upande huu na mimi upande ule, huku tajiri wangu akitutazama kwa mashaka. Mwisho wa mwezi Rajabu alinichukua nikafanye kazi kwake. Alisema mafundi wa waya wamejaa mjini, anachokosa ni mtu anayejua kitambaa na anayeweza kuzungumza na wake za watu. Basi hiyo ya kupuliza ndiyo elimu yangu ya kwanza, na ninawapa bure.

Mnipe nafasi niwaambie na nyingine, kisha niingie kwenye habari iliyonifanya nishike kalamu. Kasha la spika ligonge kwa kifundo cha kidole. Likilia kama debe tupu, liache hapo hapo, maana litakuwa linaimba wimbo wake lenyewe juu ya ule wa santuri. Libebe. Spika nyepesi sana mara nyingi sumaku yake ni ndogo na ubao wake ni mwembamba. Halafu usianze kuijaribu kwa ngoma. Ngoma humdanganya kila mtu, kwa sababu kifua kikitikisika moyo unakubali haraka. Weka sauti ya binadamu unayemjua anavyoimba, bila kelele nyingi. Ukimsikia akivuta pumzi kabla ya kuanza mstari, hiyo spika ipeleke nyumbani.

Lakini ipeleke nyumbani ukae nayo wapi? Hapo ndipo macho yanapodai haki yao, na miaka ile macho yalikuwa na nguvu kweli. Malipo ya miwa yakitoka, watu walishuka mjini kutoka Matete na Khwisero na kila mahali penye miwa. Walikuja na pikapu za kukodi, wakarudi na sofa seti, kabati la vyombo la kioo na redio kubwa ya santuri yenye spika mbili. Nyumba nyingi hazikuwa na stima. Tuliuza redio pamoja na betri ya gari, na betri ikiisha ilipelekwa sokoni kwa baiskeli ikachajiwe. Sebule ilikuwa ndiyo uso wa mtu. Mgeni akiingia, kabla hajakaa, alikuwa ameshahesabu heshima ya mwenye nyumba.

Rajabu alikuwa na shuka moja ya kitanda iliyochakaa mpaka unaona mwanga. Aliitundika kwa kamba mbele ya spika zote tulizokuwa nazo, mteja akaketi, nikapiga wimbo uleule kwenye kila jozi. Mteja alichagua kwa masikio tu. Kisha shuka ikaondolewa, na hapo vita vikaanza. Namkumbuka dereva mmoja wa trekta za miwa aliyechagua kwa kujiamini, akapiga kofi la furaha. Kumbe amechagua makasha ya rangi ya majivu, hayana hata ua moja.

"Hiyo siwezi kupeleka kwa nyumba," akasema. "Wageni watasema nimenunua mzinga wa nyuki."

Akabeba zile zenye pete za dhahabu kuzunguka mdomo. Mavuno yaliyofuata akarudi, akasimama mlangoni, akauliza kwa aibu kama ule mzinga bado upo. Nilicheka mpaka nikakaa chini, na yeye akacheka.

Rajabu hakuwahi kumdharau anayependa sura. Alikuwa akiniambia kwamba spika ambayo mama wa nyumba haipendi, atakuja kuisukuma nyuma ya kiti, na pale nyuma ya kiti hata iliyo bora itaimba kama imefungiwa ghalani. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kuwapatanisha watu wawili wanaolala nyumba moja. Ukiuza kwa mmoja tu, umemuuzia ugomvi.

Sasa nije kwa Mama Rodah.

Alikuja na mumewe, Mzee Shiundu, wametoka upande wa Matete. Mzee alikuwa amefanya kazi kiwandani miaka mingi, pale kwenye mashine za kuponda miwa, na alikuwa ametoka tu kustaafu. Walikuwa na mtoto mmoja, Rodah, aliyekuwa ameolewa Eldoret. Mama Rodah alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa miguu, na vidole vyake havikutulia. Hata akiwa amesimama dukani alikuwa akifuma kitambaa cha kroshia kutoka kwenye mfuko. Mzee alikuwa mrefu, mpole, na kwa kila swali alijibu "Sawa."

Tukatundika shuka, nikapiga wimbo wa kwaya. Mama Rodah akachagua haraka, na masikio yake yalikuwa mazuri ajabu. Nikamuuliza mzee.

"Sawa," akasema.

"Sawa ipi, Mzee? Ya kwanza ama ya mwisho?"

"Zote sawa."

Mama Rodah akaachia uzi. "Unaona? Hata nyumbani akonanga hivyo. Mimi naongea, yeye anaangalia ukuta. Tangu aache kazi, nyumba ni kimya kama kanisa siku ya Jumatatu. Ndio nikasema tununue redio, angalau kitu kiongee."

Alisema kwa kucheka, lakini mimi nilikuwa karibu naye na niliona macho yake yamejaa machozi. Nikajifanya natafuta sindano ya santuri.

Shuka ilipoondolewa, jozi aliyoipenda ilikuwa mbaya. Ubao umekwaruzwa, kitambaa cha mbele kimefifia. Akazitazama kwa huzuni, akatazama zile zenye pete za dhahabu, akarudi kwa zile mbaya. Rajabu akasogea. Akamwambia, "Mama, sauti siwezi kuibadilisha, lakini sura ninaweza. Nipe mpaka Jumamosi." Akazisugua kwa msasa, akazipiga vanishi mpaka zikawa na rangi ya chai ya rangi, nami nikachagua kitambaa kipya cha mbele, kahawia, chepesi, tukakipuliza. Jumamosi Mama Rodah aliziona akashika shavu. Kabla ya kuondoka akachukua uzi, akazipima juu na pembeni. Nikajua vitambaa vya kroshia vinakuja. Nikamwomba asizifunike mbele. Akaniambia, "Haki ya Mungu, juu tu." Mzee akabeba moja, akasema, "Sawa."

Hapo lazima niwaeleze kitu ambacho nyinyi hamkukikuta. Wanawake wa huku walipenda vitambaa vyao visimame, viwe na mikunjo iliyoinuka pembeni kama ua. Vilivyokazwa kwa unga wa muhogo vililegea baada ya siku chache. Basi, kwa kuwa sukari ilikuwa karibu, walivichovya kwenye maji mazito ya sukari, wakavikausha juu ya bakuli. Vilisimama imara kweli. Na chungu, wale sisimizi wadogo, walijua. Nimefungua spika kutoka vijiji vingi na kukuta chungu wamehamia na watoto wao, wanakula gundi na karatasi ya koni, na mwenye redio analalamika kwamba mwimbaji ameshikwa na mafua. Fundi wa Mombasa angeona jambo hilo angedhani ni uchawi.

Kwa hiyo Mama Rodah aliporudi dukani baada ya muda, peke yake, akisema spika moja imekufa, nilijua nitakachokuta. Nikamuuliza kama ni chungu.

"Chungu walikuwa, nikawafukuza," akasema. "Lakini mimi naisikia ikiimba. Ni yeye anasema imekufa. Ile ya dirishani. Kila siku, 'Hii ya dirishani imekufa.' Namwambia inaimba, hanijibungi. Selina, huyu mzee ananitafutia makosa, kwa sababu ni mimi nilichagua."

Nikamtilia chai. Akaizungusha kikombeni bila kuinywa.

"Nimechoka," akasema. "Nimemwambia naenda kukaa kwa Rodah. Nimemwambia mara nyingi, tukiwa tumekaa tu jioni. Hata kusema 'nenda' hasemi. Mtu anaambiwa mke wake anaondoka na anaendelea kunywa uji? Nyinyi kujeni mtengeneze hiyo kitu yake. Nikiacha nyumba, niiache ikiwa na redio nzima."

Nilikuwa nimeolewa miaka michache tu, na nilidhani ndoa ikishazeeka haivunjiki tena. Nikamwahidi kwamba tutakuja.

Tulikwenda na Rajabu asubuhi iliyofuata, tukiwa na mkoba wa vifaa. Nyumba ilikuwa nadhifu hadi unaogopa kukanyaga. Kila kitu kilikuwa kimevaa: viti, meza, redio, hata betri ya gari ilikuwa na kitambaa chake chenye bata. Spika zilikuwa zimewekwa mbali kabisa, moja ukutani penye dirisha, nyingine ukutani penye mlango, ili mgeni akiingia azione zote mbili na aseme kitu. Katikati yake palikuwa na kiti cha mzee, kimeelekea kabati la vyombo, dirisha kushoto kwake na mlango kulia. Kiti cha Mama Rodah kilikuwa dirishani, maana alihitaji mwanga wa kufumia.

Rajabu akafungua ile ya dirishani. Chungu walikuwa wachache, wanaondoka wenyewe. Koni nzima, waya nzima. Nikaweka santuri, nikatega sikio. Spika zote mbili ziliimba vizuri. Mzee Shiundu alikuwa kitini mwake.

"Ya dirishani imekufa," akasema kwa upole.

Rajabu alikuwa na njia yake, na nyinyi mafundi wa sasa mngeiheshimu. Hakubishana na mteja. Alizihamisha. Ya dirishani akaipeleka mlangoni, ya mlangoni akaileta dirishani. Kama ubovu uko ndani ya kasha, utahama pamoja na kasha. Nikapiga tena.

"Bado," mzee akasema. "Ya dirishani ndio imekufa."

Rajabu akabadilisha waya nyuma ya redio, kama ubovu uko huko. Bado ya dirishani. Mama Rodah alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Akaniangalia kama anayesema, umeona mwenyewe. Akamwambia mumewe kitu kwa Kiluhya, kikali kidogo, kutoka pale aliposimama, ambapo ni upande uleule wa dirisha. Mzee hakugeuka. Alikuwa akitazama kabati la vyombo kwa utulivu wake wote.

Na mimi nikamwona vizuri kwa mara ya kwanza. Nilikuwa nimemwona kama mtu aliyechoka na mkewe. Ghafla nikaona mtu anayesubiri aambiwe kitu.

"Mzee," nikasema, nikaenda mbele ya uso wake. "Naomba usimame kidogo."

Nikageuza kiti chake, nikakielekeza upande wa pili, kabati likawa mgongoni. Akaketi. Hatukugusa spika, hatukugusa waya. Rajabu akashusha sindano.

Mzee akakunja uso. Kisha akatabasamu kama mtoto. "Eh! Sasa ya dirishani imepona!" Akainua kidole. "Lakini hii ya mlangoni sasa ndio imekufa."

Rajabu alizima redio. Mimi nikapiga magoti karibu na mzee, upande wa kulia ambao sasa ndio ulikuwa wa dirisha, nikamuuliza kule kiwandani alikuwa akisimama vipi. Akanionyesha kwa mikono. Mashine ilikuwa huku, akasema, na akagusa sikio la kushoto. Miaka yote huku. Msimamizi alikuwa akija upande wa kulia, na wenzake wote walizoea kupiga kelele wakiwa kulia.

"Mzee," nikasema, "spika zako hazina shida. Ni hili sikio la kushoto halisikii."

Hakukataa, wala hakuona haya. Aliligusa tena lile sikio, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama Rodah huwa ananiongelesha?"

Nilitikisa kichwa kukubali.

"Mimi nilidhani amenyamaza," akasema. "Nilidhani ni kwa sababu nimestaafu, sina maana tena. Huwa anakaa pale na kroshia yake, jioni yote, kimya. Nikasema, basi, acha nisimsumbue."

Mama Rodah alisikia. Alikuja kutoka jikoni polepole, yeye ambaye alikuwa mwepesi hivyo. Akaweka mwiko juu ya spika, juu ya kitambaa chake cheupe, na uji ukachafua mikunjo ya sukari, hakujali. Akakiinua kiti cha mumewe yeye mwenyewe, huku mzee amesimama kando hajui la kufanya, akakirudisha kilivyokuwa, kimeelekea kabati. Akamkalisha. Kisha akabeba kiti chake kutoka dirishani kwenye mwanga, akakivuta hadi upande wa mlango, gizani, ambako hawezi kuona hata uzi. Akaketi. Akainama mpaka mdomo wake ukafika karibu na sikio la kulia.

Mimi na Rajabu tulipaswa kutoka. Tulikuwa tunatafuta pa kupitia, maana yeye alikuwa ameziba njia ya mlango kwa kile kiti.

"Baba Rodah," akasema, kwa sauti ya kawaida, ile anayoombea chumvi mezani. "Nilikuambia nataka kuenda kukaa Eldoret kwa Rodah."

Mzee alishtuka. Nilimwona akishtuka, mwili mzima, kama mtu aliyepokea habari hiyo saa hiyohiyo, na ndivyo ilivyokuwa. Mkono wake ukatafuta mkono wa mkewe kwenye upande ambao hakuwa amezoea kuutafuta, ukaukosa, ukaupata.

"Usiende," akasema.

Mama Rodah akajibu kwamba maji ya obusuma, yaani ugali, yanachemka jikoni, lazima ainuke. Akabaki ameketi.